Uzi: Saladi ya tambi baridi kwa joto la kaskazi, friji ndiyo inayoiharibu

#1 NanaaNaNdimu
Assalaam aleikum wanajukwaa. Nasema hivi, na anayepinga apinge: saladi ya tambi ya Kiasia huliwa baridi, lakini haifai kulala kwenye friji hata usiku mmoja.

Napika chakula cha mchana kwa watu wa maofisini hapa Vuga, mjini Unguja. Kwa jua hili la Februari hakuna anayetaka wali wa moto na mchuzi wa kuchemka saa saba mchana. Kwa hiyo nawapelekea tambi nyembamba za mchele, karoti na tango nyuzinyuzi, kabichi, nanaa nyingi, kotmiri, na njugu za kukaanga zilizopondwa nusunusu. Mchuzi wake ni ndimu, sosi ya soya, sukari, thomu, tangawizi, pilipili mbuzi na matone ya mafuta ya ufuta. Wameipenda mpaka wanaagiza tangu jioni.

Nikizipika alfajiri zinafika saa saba bado laini. Nikizipika usiku nikazitia friji, asubuhi zimekakamaa, ukizigusa zinakatika. Hebu niambieni: ni friji, ni tambi zenyewe, au ni haya maji yetu ya kisima? Na nyie mnazifanyaje?

#2 Mpemba_Halisi
Tambi kwa siki na pilipili? Sie huku Wete tambi ni za sukari, iliki, zabibu na tui la nazi, na zinaliwa Ramadhani. Hayo mengine ni ya watu wa mjini.

#3 ShogaWaMalindi
Mpemba we! Nani kataja siki? Kasema ndimu. Soma kwanza.

#4 BiMkubwa_Chukwani
Waaleikum salaam mwanangu. Usiisingizie friji. Tambi zako hazikuoshwa zikaoshika.

Tambi ikiiva inatoa utelezi, ule ni wanga. Ukiziacha nao, zikipoa utelezi unakuwa gundi na tambi zote zinashikana bonge moja. Dawa yake: zikishaiva tu zimwage kwenye chujio, zifungulie maji baridi, uzisugue kwa mkono mpaka maji yatoke safi kabisa. Wajapani wana tambi za ngano wanaziita somen, unene wake hauzidi milimita 1.3, ndizo chakula chao cha msimu wa joto, zinaletwa mezani juu ya barafu. Zile zinasuguliwa majini kama mtu anayefua kanga. Kisha chuja, kung'uta sana, tia mafuta kijiko kimoja, changanya kwa vidole. Baada ya hapo laza friji utakavyo.

#5 FundiBaridi
Kazi yangu ni kutengeneza mafriji, si kupika, lakini hapa mwenye uzi ana haki yake.

Bi Mkubwa, kwa heshima, wewe unazungumzia kunata na yeye anazungumzia kukakamaa. Ni mambo mawili. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Ukichemsha, chembe zake zinakunywa maji, zinavimba na kulainika. Zikipoa, zile nyuzi ndogo za wanga zinarudi kujipanga pamoja na kuyasukuma maji nje, ndiyo maana chakula kinakuwa kigumu na kikavu. Jambo hilo linakwenda mbio zaidi kwenye baridi iliyo juu kidogo ya kuganda, yaani nyuzijoto 4 hivi, na friji nzima tunaitegesha hapohapo. Mkate pia unakuwa mgumu haraka ndani ya friji kuliko kabatini. Wali wa jana vilevile. Kwenye friza kinyume chake, huko karibu jambo lote linasimama.

Kuosha kunaondoa wanga wa juu tu. Ule wa ndani ya tambi huufikii kwa maji ya bomba.

#6 BiMkubwa_Chukwani
Fundi, friji yangu ulikuja kuitengeneza mwaka jana na bado inatoa maji chini. Leo unanifundisha tambi.

#7 FundiBaridi
Bi Mkubwa hilo ni bomba la kutolea maji limeziba. Nitakuja Jumamosi inshallah 🙏

#8 ShogaWaMalindi
😂😂 Uzi huu nautia alama.

#9 Jodari_Mkubwa
Nipo jikoni mwa hoteli moja upande wa Paje, na hizi tambi baridi zinatoka kila siku kwenye meza ya mchana. Nyote mmezungumza kama kuna tambi aina moja.

Za mchele ndizo dhaifu kuliko zote kwa kulala, hapo nakubaliana na Fundi. Lakini kuna zile za kung'aa, ukizipika unaona mpaka upande wa pili. Zile ni wanga wa choroko, hizi choroko zetu. Watailandi wanazifanyia saladi waiitayo yam wun sen: ndimu, sosi ya samaki, pilipili, vitunguu, kamba, na uduvi mkavu juu. Hizo hukai nazo kwa wasiwasi, zinakunywa mchuzi na hazivurugiki. Kuna za ngano zilizotiwa magadi, za manjano, ukizivuta zinarudi. Kuna soba za Japani, za unga wa mbegu ziitwazo buckwheat kwa Kiingereza. Na Korea wana naengmyeon, hizo zinaelea kwenye mchuzi wenye barafu ndani ya bakuli; zamani kilikuwa chakula cha watu wa kaskazini, tena cha majira ya baridi, siku hizi ndicho wanachokimbilia wakati wa joto.

Kwa hiyo NanaaNaNdimu, kama unataka kulaza, badilisha tambi. Kama unataka hizohizo za mchele, usizipike usiku. Ziroweke tu. Zitie kwenye maji ya kawaida mabichi, ziweke friji zikiwa zimerowa, hazijaguswa na moto. Asubuhi maji yakichemka zitumbukize nusu dakika, toa, osha, basi.

#10 NanaaNaNdimu
Ahsante Jodari, hiyo ya kuroweka mbichi sikuwa nayo. Nitaijaribu. Ila tambi za choroko hapa mjini bei yake si ya kumpelekea mtu chakula cha ofisini nikapata faida.

#11 kijana_wa_Kikwajuni
Swali la mwanafunzi: spageti haifai? Indomie je?

#12 Jodari_Mkubwa
Spageti inafaa, na ukiichemsha na magadi soda, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, inabadilika: inakuwa ya manjano zaidi na inavutika. Tumia sufuria kubwa maana povu litapanda. Wachina na Wajapani wanatia chumvi za aina hiyo kwenye unga wenyewe, kaboneti za sodiamu na potasiamu. Bibi zetu wanalainishia maharage kwa magadi. Kwenye unga wa ngano yanafanya kinyume, yanaukaza.

Indomie ya pakti imeshakaangwa kwa mafuta kiwandani. Ikipoa utayasikia mafuta kwenye kaakaa. Mwanafunzi atakula tu.

#13 kijana_wa_Kikwajuni
Atakula tu 😭 nimeumia lakini ni kweli

#14 MajiMatamu
Mwenye uzi kauliza maji na hakuna aliyejibu. Mimi nipo Jambiani. Visiwa hivi vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya kisima yana chokaa, na huku pwani yana chumvi juu yake. Maharage kwa maji ya kisima yanakula mkaa mchana kutwa. Kwa nini tambi zisidhurike? Nyumbani tukipika kwa maji ya mvua tuliyokinga, tambi na wali wote vinatoka tofauti.

#15 FundiBaridi
Maharage yanakaa saa mbili motoni na ngozi yake ndiyo inayoshikwa na chokaa. Tambi za mchele zinakaa dakika tatu kwenye maji ya moto. Sidhani.

#16 MajiMatamu
Hudhani, mie ninakula. Njoo Jambiani uonje.

#17 Mpemba_Halisi
Maji ya Pemba matamu. Ndiyo maana tambi zetu hazina matatizo. 😌

#18 Mzee_Mkoani
Salaam. Nimesoma kuanzia juu na naona mmewasahau waliotuletea hicho chakula kabla hata ya hoteli za Paje. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964, wengi wanatoka jimbo la Jiangsu, na sie wa Mkoani tumeishi nao pale hospitali ya Abdalla Mzee. Marehemu baba yangu alikuwa akiwapelekea samaki. Tambi baridi niliziona kwao nikiwa mtoto, na hawakuziosha.

Waliziivisha, wakazitandaza juu ya sinia pana, wakatia mafuta, kisha mmoja anazipepea na mwengine anazinyanyua kwa vijiti mpaka zikapoa. Siku zilizokuwa na umeme walitumia feni. Nimesikia baadaye kwamba huko Shanghai, ambako ni jirani na jimbo lao, ndivyo tambi baridi zinavyofanywa mpaka leo: mvuke, maji, halafu feni. Sababu waliyomwambia baba ni kuwa tambi iliyooshwa inabaki na maji, na maji yanaukimbiza mchuzi. Juu yake walitia siki, thomu mbichi iliyopondwa na njugu zilizosagwa zikawa uji mzito.

Kwa hiyo Bi Mkubwa anasema osha, Wachina wa Mkoani wanasema pepea. Nyie amueni.

#19 BiMkubwa_Chukwani
Mzee wangu shikamoo. Hizo zilikuwa za ngano bila shaka, si za mchele. Za mchele ukizipepea bila kuziosha utazikata kwa kisu.

#20 Mzee_Mkoani
Marahaba. Ngano, ndiyo. Lakini sikumuona mtu akila maji.

#21 NanaaNaNdimu
Mzee umenifungua. Ule mchuzi wa njugu naujua, Wachina wa Sichuan wanafanya kwa ufuta uliosagwa. Kwa sie wenye tahini za madukani ni rahisi: tahini, sosi ya soya, siki, sukari, pilipili ya mafuta. Ila kwa saa saba ya Februari naona ni mzito, watu watalala mezani.

#22 Sheikh_wa_Mtaani
Assalaam aleikum. Samahani kuingilia mapishi. Sosi ya soya ya asili inachachushwa kwa miezi, na ndani yake kunazalika kilevi kidogo, huwa karibu asilimia 2. Pia mapishi mengi ya Kijapani yanataja mirin, na mirin halisi ina kilevi asilimia 14 hivi. Mnaowalisha Waislamu muwe mnasoma chupa.

#23 ShogaWaMalindi
Mirin naelewa, hiyo ni pombe ya mchele na sukari. Mie natia siki na sukari, kwisha. Lakini sosi ya soya? Mbona siki nayo inapita kwenye kilevi kabla haijawa siki, na siki imesifiwa na Mtume (s.a.w) mwenyewe kuwa ni kitoweo kizuri?

#24 Sheikh_wa_Mtaani
Siki imegeuka, haina hukumu ya kilichotangulia. Kwenye sosi ya soya wanavyuoni wana kauli mbili: wapo wanaoangalia kuwa ni kidogo, hakikukusudiwa, na hailevyi hata ukinywa kwa wingi, wapo wanaojiepusha. Zipo pia zilizotengenezwa bila kuchachushwa na zenye alama ya halali. Mwenye shaka achukue hizo.

#25 Jodari_Mkubwa
Hizo zisizochachushwa ladha yake ni chumvi na rangi tu. Nasema kwa upande wa ulimi, upande wa dini namuachia Sheikh.

#26 BiMkubwa_Chukwani
Basi tieni chumvi na ukwaju muondokane na mashaka yote. Kwani sie tulikuwa hatuli kabla ya soya?

#27 Mtoto_wa_Forodhani
Ukwaju, ndimu, embe bichi, pilipili, njugu, kitu cha kutafuna juu... jamani hii si urojo? Mmetoa mbatata na kachori mkatia tambi, mkaiita ya Kiasia. Mnatudanganya.

#28 ShogaWaMalindi
Urojo ni wa moto au vuguvugu, na una uji wake wa unga. Hii haina unga.

#29 Mtoto_wa_Forodhani
Urojo wa saa nne usiku Forodhani upande wa bahari ni baridi kuliko friji ya Bi Mkubwa 😂

#30 BiMkubwa_Chukwani
Friji yangu iacheni.

#31 NanaaNaNdimu
Mtoto wa Forodhani hajakosea sana. Urojo wenyewe una Uhindi ndani yake, na India ni Asia pia mwisho wa siku. Mie nimeanza kutia embe bolibo bichi nikaacha kutia ndimu nyingi, na mtu wa kwanza aliyeila kaniuliza bhajia ziko wapi.

Kwa msimu wa embe ukimalizika, nini badala yake? Papai bichi?

#32 Jodari_Mkubwa
Papai bichi ndilo lenyewe. Thailand na Laos wanalifanyia saladi peke yake, wanalikata nyuzinyuzi na kulitwanga kwenye kinu pamoja na thomu, pilipili, ndimu na sosi ya samaki. Menya, kata nyembamba, tia maji ya barafu robo saa, litakuwa linalia mdomoni. Tango nalo usilitie hivihivi: toa mbegu, nyunyizia chumvi, liache dakika kumi, likamue. Tango lisilokamuliwa ndilo linalomwagia maji saladi yako saa sita, halafu mnalaumu kuoshwa kwa tambi.

#33 MajiMatamu
Sosi ya samaki mnanunua ya nini? Ni dagaa na chumvi vilivyoachwa vikachuruzika mwaka mzima. Dagaa wetu wanachemshwa kwa maji ya chumvi, wanaanikwa, wanavuka bahari na bara lote mpaka Kongo. Hakuna wa kujaza pipa moja hapa?

#34 ShogaWaMalindi
Jaza wewe, lakini huko Jambiani, mbali na nguo zetu zinazoanikwa.

#35 MamaMwani_Paje
Hodi. Mimi nalima mwani, na huku kwetu kilimo chenyewe kilianza 1989, kwa hiyo wengine tumezaliwa tumekikuta. Kila mwaka tunauza mkavu kwa bei ya kulia, kisha nasikia huko ng'ambo unaliwa kwenye saladi. Wafilipino wanakula huu huu kottonii na spinosamu kwa siki, vitunguu na tungule, wanauita guso. Nimeutia kwenye tambi baridi nyumbani na watoto wamekula.

Namna yake: uwe mbichi, uoshe mchanga wote kwa maji mengi, kisha umwagie maji ya moto mara moja na uutie kwenye baridi papo hapo. Ukiuchemsha tu umekwisha, unayeyuka ukawa uji, maana ndani yake kuna ile karagini ambayo viwanda vinaitumia kugandishia vyakula. Ukifanya vizuri unasikika unapotafuna. Chumvi usitie tena.

#36 NanaaNaNdimu
Mashaallah Mama Mwani! Naweza kupata mbichi mjini?

#37 MamaMwani_Paje
Mbichi haukai. Bahari ikitoka asubuhi navuna, mchana lazima ufike kwako. Na kottonii siku hizi ni tabu, maji ya huku kwenye kina kifupi yamekuwa moto na unaoza ukiwa bado kwenye kamba. Spinosamu ndiyo inayostahimili. Nitumie ujumbe tupange na dereva wa daladala.

#38 Jodari_Mkubwa
Mama Mwani nipo Paje hapohapo na sikujua. Nami nitumie.

#39 Muuguzi_Kwahani
Samahani mimi nimechelewa, nilikuwa zamu. Mmezungumza ulaini kurasa nzima na hakuna aliyetaja tumbo.

Mchele na tambi zina bakteria anaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida. Chakula kikipoa polepole zinaamka, zinazaana, na zinatoa sumu, na sumu inayomtapisha mtu haiondoki hata ukipasha moto upya. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la zaidi ya nyuzijoto 32, saa moja. Sasa Februari mchana hapa ni nyuzijoto ngapi? Kwa hiyo NanaaNaNdimu, unapopika alfajiri na watu wanakula saa saba, zile tambi zinakaa wapi katikati? Hilo ndilo ningeuliza kabla ya kuuliza kama zimekakamaa.

#40 NanaaNaNdimu
Zinakaa kwenye boksi la kuhifadhia baridi lenye barafu chini na juu, mchuzi kwenye chupa mbali, nanaa na njugu mbali. Nachanganya nikifika.

#41 Muuguzi_Kwahani
Hapo sawa. Sema hivyo kwa wengine wanaosoma, maana wapo watakaobeba kwenye ndoo.

#42 kijana_wa_Kikwajuni
Lakini ndimu haiui hao bakteria? Bibi yangu anakamulia ndimu kila kitu.

#43 Muuguzi_Kwahani
Uchachu unawazuia wengi kukua, kweli. Lakini ndimu mbili kwenye sinia zima la tambi si achari. Usiitegemee.

#44 ShogaWaMalindi
Na siku umeme umekatika? Tunaokumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunajua friji inavyogeuka kabati la vyombo.

#45 Mpemba_Halisi
Mwaka huohuo 2010 Pemba tukapata waya wetu wa chini ya bahari kutoka Tanga. Nasema tu. 😌

#46 Mzee_Mkoani
Kabla ya waya tulikuwa na mtungi. Maji ya mtungi yanatosha kuoshea tambi zikapoa, huhitaji friji wala barafu.

#47 FundiBaridi
Mzee, mtungi unapoza kwa maji kufuka kwenye ngozi yake. Kaskazi ikiwa na unyevu hivi maji hayafuki vizuri, kwa hiyo unapoza kidogo sana. Kwa kunywa unatosha. Kwa kushusha joto la tambi zilizotoka motoni, tia barafu.

#48 Mzee_Mkoani
Mtungi wangu uko chini ya mwembe penye upepo. Karibu Mkoani.

#49 FundiBaridi
Leo kila mtu ananikaribisha aniaibishe.

#50 NanaaNaNdimu
Narudi na habari. Nimejaribu njia ya Jodari #9 ya kuroweka mbichi. Asubuhi nikazitumbukiza, nikaziosha kama alivyosema Bi Mkubwa #4, mafuta kidogo, boksi la barafu. Saa saba zilikuwa laini na hazikushikana. Na nyengine nilizozipika usiku nikazilaza friji makusudi, asubuhi nikazimwagia maji ya moto zikarudi kulainika, kisha zikapoa tena vizuri. Kwa hiyo ya Fundi #5 naiona.

#51 BiMkubwa_Chukwani
Zote umeziosha. Sikiliza unachosema mwenyewe.

#52 MajiMatamu
Na umetumia maji gani?

#53 NanaaNaNdimu
Ya madumu ya kununua 🤐

#54 MajiMatamu
Basi.

#55 FundiBaridi
Basi nini? Zilizolala friji pia zilikuwa za maji hayohayo na zilikakamaa!

#56 MajiMatamu
Zingekakamaa zaidi.

#57 Mtoto_wa_Forodhani
Hapa hapaishi. Hebu tupe vipimo Nanaa, wengine tuna njaa.

#58 NanaaNaNdimu
Kwa watu wanne: tambi za mchele gramu 250. Mchuzi: sosi ya soya vijiko vitatu vya chakula, ndimu tatu za wastani, sukari vijiko viwili, thomu punje mbili, tangawizi kidole cha gumba, pilipili mbuzi kwa moyo wako, mafuta ya ufuta kijiko kimoja cha chai. Onja kabla ya kumwagia. Uwe mkali kuliko unavyotaka, tambi zitaupunguza. Karoti mbili, tango moja lililokamuliwa, robo kabichi, nanaa fungu zima, kotmiri nusu fungu, njugu kiganja.

Mafuta ya ufuta chagueni yale ya rangi ya kahawia, yaliyokamuliwa kutoka ufuta uliokaangwa. Meupe hayana harufu. Kama hamkupata, kaangeni ufuta mkavu kwenye kikaango mpaka uanze kuruka, upondeni, mtie badala yake. Mie naona ni bora hata kuliko ya chupa.

#59 Muuguzi_Kwahani
Ulizeni kwanza kama kuna mwenye mzio wa njugu ofisini.

#60 Jodari_Mkubwa
Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ufuta ni kidogo kwa gramu 250. Na nyama iko wapi? Jodari wa kuchoma aliyechambuliwa, au ngisi aliyechemshwa dakika moja, hapo ndipo chakula.

#61 Mpemba_Halisi
Pweza.

#62 Jodari_Mkubwa
Pweza naye anakwenda, akiwa amelainika.

#63 ShogaWaMalindi
Mpemba ameanza kula jamani. Ulisema ni za sukari na iliki.

#64 Mpemba_Halisi
Nimesema pweza. Sijasema tambi.

#65 kijana_wa_Kikwajuni
Ramadhani siku hizi inaangukia kaskazi hivihivi. Hii kwenye futari inakubalika au nitafukuzwa nyumbani?

#66 BiMkubwa_Chukwani
Anza na tende na uji wako, mwanangu. Hiyo ilete baada ya tarawehe, hapo hata mie nitakula.

#67 Mzee_Mkoani
Yupo anayevuka kwa boti wiki hii? Nataka pakti mbili za zile tambi za choroko, huku madukani sikuziona. Nataka kuzipepea nione.

#68 ShogaWaMalindi
Navuka Alhamisi inshallah, Mzee. Nitakuletea. Ila Jodari kasema hizo huoshwa.

#69 Jodari_Mkubwa
Sikusema huoshwa. Nilisema hazivurugiki.